Mgonjwa Aliyefariki Siku ya Sita

Pale chuoni walimwita Bi Sahani. Jina hilo halikutokana na mapishi, maana mumewe alikuwa akisema mke wake anaweza kuunguza hata maji. Lilitokana na zile sahani ndogo za plastiki zenye rojo la mwani, ambamo watu wa maabara huotesha bakteria. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa fundi wa maabara ya magonjwa ya tumbo. Vikopo vya choo vilifika kila asubuhi kutoka hospitalini, vingine vimefungwa vizuri, vingine vimefungwa na mtu mwenye haraka zake. Yeye alichovya kitanzi cha waya, akachora mistari juu ya sahani, akaziweka kwenye kabati la joto, na kesho yake akazisoma kama mwingine asomavyo gazeti.

Wengi hawapendi kazi hiyo itajwe wakiwa mezani. Yeye aliipenda. Alisema mtu anaweza kukudanganya kwa uso, kwa mavazi na kwa maneno, lakini tumbo lake likishafika kwenye sahani halina la kuficha. Wanafunzi wa shahada za juu, wenye miwani na kompyuta zao, walimletea sahani azitazame tu kabla hawajaamini vipimo vyao wenyewe. Hata hivyo, katika makala zote zilizotoka maabara ile na kuchapishwa kwenye majarida ya wasomi, jina lake halikuwahi kuonekana hata mara moja. Halikumsumbua hilo. Alikuwa na mume, seremala mwenye maneno machache na mzaha mkavu, na binti mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Usingizi wake ulikuwa mzuri.

Mwenye maabara alikuwa Profesa mmoja mrefu, mwembamba, ambaye hakuweza kuona kalamu imekaa upande bila kuinyoosha. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na tabia moja ambayo Bi Sahani hakuielewa. Alikuwa akibisha hodi. Maabara ni yake, funguo ni zake, lakini akijua ndani yumo Bi Sahani peke yake, alisimama nje ya mlango, akagonga mara mbili na kungoja. Mpaka asikie sauti ya kumkaribisha ndipo aingie. Na akiingia, hakumtazama usoni. Aliitazama mikono yake. Bi Sahani aliichukulia kuwa ni adabu ya wazee wa zamani. Ilidumu miaka ishirini na minne, hadi Profesa alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa na umati wa watu.

Mambo ninayotaka kuyasimulia yalianza miaka miwili baada ya mazishi hayo.

Siku hiyo, mkutubi wa chuo alishuka ngazi hadi maabara na karatasi mkononi. Huyu alikuwa bwana mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia kila makala inayotoka yenye jina la chuo. Alikuwa na kawaida ya kuingia akiimba. Siku hiyo hakuimba. Alimwuliza Bi Sahani kama aliwahi kuugua sana zamani. Bi Sahani akasema ndiyo, miaka ishirini na sita iliyopita chupa ya sampuli ilimpasukia mkononi, akapata kuhara damu nusura afe. Kwa nini anauliza? Mkutubi akamkabidhi zile karatasi, akasema asome akiwa ameketi.

Ilikuwa makala ya kurasa kumi na moja kutoka jarida la mbali, toleo la mwezi uleule. Ilieleza aina ya shigela, bakteria wa kuhara damu, ambaye dawa nne za kawaida hazikumfanya kitu. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, fundi wa maabara, mama wa mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Chupa ilimpasukia. Siku ya kwanza homa, siku ya pili damu, siku ya tatu figo zikaanza kugoma, siku ya nne akaacha kuitambua sauti ya mumewe. Kila neno lilikuwa kweli, hata jeraha la kidole gumba, hata rangi ya shuka za wodi. Halafu ukurasa wa tisa ukasema: *Mgonjwa alifariki siku ya sita, saa tatu asubuhi.*

Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, makala ilitolewa kwa kumbukumbu ya fundi huyo, kwa jina lake kamili la kwenye vyeti, aliyeyatoa maisha yake kwa ajili ya elimu. Ndivyo jina lake lilivyoingia katika jarida kwa mara ya kwanza.

Mwandishi alikuwa mmoja tu, na alikuwa Profesa. Mkutubi alimwonyesha kwa kidole mstari mwingine, ule unaotaja siku makala ilipopokelewa na mhariri. Ilipokelewa miezi minane iliyopita, wakati mwandishi alikuwa na zaidi ya mwaka kaburini.

Jioni Bi Sahani alimsomea mumewe. Seremala alisikiliza huku akipangusa vumbi la mbao kwenye nywele, kisha akauliza, "Sasa kama ulikufa, nani aliyeunguza sufuria yangu juzi?" Akacheka peke yake. Alipoona mkewe hacheki, naye akaacha. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia, kwa kuwa aliliona dogo. Siku ya tano ya ule ugonjwa, alasiri, Profesa alikuja wodini. Hakuingia. Alisimama mlangoni na begi la safari begani, akamtazama mgonjwa kwa muda mrefu, akatoa daftari na kuandika. Alimwuliza seremala umri wa mkewe na umri wa mtoto. Kisha akamshika bega, akasema pole sana, akaenda zake.

"Nilidhani ni mambo ya matibabu," alisema seremala. "Lakini ile pole aliyonipa, mke wangu, ilikuwa pole ya mfiwa."

Siku zilizofuata Bi Sahani alifanya kazi kama kawaida, ila kuna kitu kilimwingia ambacho hakuweza kumweleza mtu. Kila ilipokaribia saa tatu asubuhi, macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani bila yeye kuyatuma. Alijikuta ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu mapigo. Alikuwa na kumbukumbu za ugonjwa wake hadi siku ya tatu, na tena kuanzia siku ya tisa, alipofumbua macho akaona binti yake anakula ndizi juu ya kitanda. Katikati hapakuwa na kitu. Hata ndoto haikuwepo. Mtu mwingine alikuwa ameijaza nafasi hiyo kwa niaba yake, kwa tarehe na saa, na yeye hakuwa na ushahidi wa kumpinga zaidi ya kwamba alikuwa anapumua.

Makala ilisema bakteria waliomtoka mgonjwa bado wamehifadhiwa maabara. Akaenda kutazama. Friza kubwa, ya nyuzi themanini chini ya sifuri, ilikuwa chumba cha nyuma, na vichupa vya zamani vilikaa rafu ya chini ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka. Alivaa glavu nene, akafukua barafu kwa kijiko cha chuma, na kwenye kisanduku cha tatu akakipata. Namba ilikuwa ileile ya kwenye makala. Kando ya namba, kwa mwandiko wa Profesa uliokuwa kama nyayo za kuku, paliandikwa neno moja: *marehemu*.

Alichukua ncha ya barafu kutoka kwenye kichupa, akaipaka kwenye sahani, akaiweka kwenye kabati la joto. Kesho yake aliitoa. Walikuwa wameota. Vidoa vidogo, laini, visivyo na rangi juu ya rojo la waridi, vimetapakaa kutoka mstari hadi mstari. Hawa ndio waliotoka tumboni mwake, wakalala kwenye barafu tangu binti yake akiwa mtoto wa miaka minne, na kwa siku moja ya joto wameamka kana kwamba walisinzia tu. Bi Sahani alikuwa ameshika maelfu ya sahani maishani mwake bila kuogopa. Hii aliiweka mezani akarudi nyuma hatua mbili. Kwa mujibu wa jarida, kati yao na yeye upande mmoja tu ndio uliobaki hai, na haukuwa wake.

Aliwachemsha kwenye mtungi wa mvuke mpaka akaridhika, akanawa mikono mara tatu.

Wiki iliyofuata ulikuwapo mkutano wa wafanyakazi wote. Mkuu mpya wa idara, mama mmoja aliyehamia mwaka ule, aliyeingia na bidii kama ufagio mpya, alikuwa amesoma makala ile na ikamgusa. Wengi pale walimjua Bi Sahani kwa jina lake la utani tu. Mkuu alisimama, akataja makala, akataja jina kamili la fundi aliyekufa kazini miaka ishirini na sita iliyopita, akasema ni aibu kwamba hakuna hata picha yake ukutani. Akawaomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka.

Viti vilikwaruza sakafu, watu sabini wakainuka. Bi Sahani alikuwa safu ya nne, kati ya mfagizi na mhasibu. Alifungua mdomo. Mfagizi na mhasibu walikuwa wamekwisha kusimama na kuinamisha vichwa. Naye akasimama, akainamisha kichwa pamoja nao. Alisikia feni ikizunguka darini, akasikia mhasibu akivuta makamasi kwa heshima, na ndani ya kimya kile akahisi kwamba kama angeinua uso wakati ule, asingeonekana na yeyote. Dakika ilikwisha, watu wakaketi. Mkutubi peke yake, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi, alimtazama moja kwa moja, na macho yake yalikuwa yamejaa woga.

Baada ya mkutano alimfuata Bi Sahani, akamwambia haiwezekani kuliacha jambo hili hivi. Wakaketi wawili maktabani wakamwandikia mhariri wa jarida. Walieleza kwa upole: mgonjwa hakufa, mgonjwa ndiye anayeandika barua hii, na mwandishi wa makala ndiye aliyefariki. Waliambatanisha nakala ya kitambulisho cha kazi.

Mhariri alijibu baada ya siku mbili. Alishukuru kwa barua. Alisema kwa utaratibu wa jarida, malalamiko kuhusu takwimu hupelekwa kwanza kwa mwandishi ili ajibu, na tayari ameyapeleka. Mkutubi akaguna kwamba labda hakusoma mpaka mwisho. Walikuwa bado wanabishana waandike nini tena, baruapepe nyingine ikaingia. Ilitoka kwa Profesa. Ilikuwa anwani yake ileile ya siku zote, na jina lake na cheo chake vilikuwa chini yake kama siku zote.

*Mgonjwa mnayemtaja alifariki siku ya sita. Sitaki kulijadili tena jambo hili lenye uchungu. Tafadhali mwacheni apumzike.*

Mkutubi alisukuma kiti nyuma, akasema yeye ana watoto. Bi Sahani aliusoma ujumbe mara mbili. Cha ajabu, woga uliokuwa umemkalia kifuani kwa wiki tatu ulipungua badala ya kuzidi. Alikuwa fundi wa maabara. Alijua kitu hakioti kwenye sahani mpaka kiwe kimepandwa. Kama kuna barua, kuna mkono, na mkono una nyumba.

Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda nyumbani kwa Profesa. Hakuwahi kufika hapo. Marehemu hakuwa mtu wa kukaribisha watu wa kazini, na siku ya mazishi aliishia makaburini. Ilikuwa nyumba ya kawaida mwisho wa barabara, na mapazia yake yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Aligonga. Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka sabini hivi, mfupi, nadhifu, na miwani ameining'iniza shingoni. Alikuwa mjane wa Profesa. Bi Sahani alimwamkia, akajitambulisha kwa jina lake kamili, akasema alikuwa fundi wa maabara wa marehemu.

Rangi ilimtoka yule mama usoni. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine, polepole, kama mtu anayepima joto la pasi, akamgusa Bi Sahani kiganjani.

"Una joto," alisema.

"Ninalo, mama."

"Nilikulilia mimi. Siku tatu sikula."

Alimkaribisha sebuleni, wakakaa kidogo. Kisha mjane alimwongoza hadi chumba cha kusomea. Koti jeupe la Profesa lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limepigwa pasi. Kalamu zilikuwa zimenyooka juu ya meza. Kompyuta ilikuwa inawaka, na kwenye kioo chake barua za Profesa zilikuwa zimefunguliwa, nyingine za asubuhi ileile. Kando yake palikuwa na rundo la bahasha za kaki, kila moja imeandikwa mwaka.

Mjane alieleza bila kuficha wala kuona haya. Tangu walipooana, mumewe aliandika kwa mkono na yeye akachapa, kwa sababu hapakuwa na mwanadamu mwingine aliyeweza kuusoma ule mwandiko. Kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta. Barua za wahariri alizijibu yeye. Mume alisema kwa mdomo akiwa ananyoa ndevu, naye akaweka maneno mahali pake. Baada ya miaka arobaini alijua mume angejibu nini kabla hajajibu. "Akafa," alisema, "lakini hakuna aliyekuja kuniambia kwamba na mimi kazi yangu imekwisha. Kesho yake asubuhi barua zilikuwa zinaingia bado, zinamwuliza yeye. Nikajibu."

Ndani ya kabati alikuta bahasha za makala ambazo mumewe hakuwahi kuzituma. Akaanza kuzituma moja moja. Wasomi wanaozikagua makala kabla hazijachapwa walipouliza maswali, alitafuta majibu kwenye madaftari yake. Makala tatu zilikuwa zimekwisha kutumwa. Hii ya fundi aliyefariki ndiyo aliyoanza nayo, kwa sababu ndiyo iliyomtia huruma kuliko zote. Aliichapa mwenyewe miaka ile, akalia juu ya taipureta, akamwuliza mumewe nani anamlea yule mtoto wa miaka minne. Mumewe alimjibu kwa mkato: tumwache apumzike. Hakutaka litajwe tena ndani ya nyumba.

Bi Sahani aliomba kuiona bahasha. Mjane aliitoa. Ndani mlikuwa na karatasi za mkono, zimekunjika kwa uzee, na mjane akamsomea kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kuufuata ule mwandiko vizuri. Walipofika mwisho Bi Sahani alimwomba asome tarehe. Mjane alivaa miwani, akasoma. Bi Sahani akahesabu kwa vidole, akamwomba arudie. Haikuwa tarehe ya siku ya sita wala ya baada yake. Profesa alikuwa ameandika siku ya tano. Alikiandika kifo cha kesho, na saa yake, akiwa amesimama mlangoni pa wodi na begi la safari begani, mgonjwa mwenyewe akipumua mbele yake.

Mjane alikung'uta bahasha, na kipande kidogo cha karatasi kilichokuwa kimenasa kwenye gundi kikaanguka. Kilikuwa na tarehe ya miezi miwili baadaye. Alikisoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza, kisha kwa sauti: *Yu hai. Leo amerudi kazini. Kwenye ile safari nimekwisha kuisoma mbele ya wasomi mia mbili, na wote walisimama kimya kwa ajili yake. Sijui nimwambieje. Nikimtazama usoni naona nilichoandika.*

Bi Sahani alikichukua kile kipande, akakishika. Miaka ishirini na minne mtu yule alisimama nje ya mlango akagonga mara mbili na kungoja, na yeye ndani akaitikia "karibu" bila kujua anajibu swali gani. Alitafuta hasira ndani ya moyo wake, hakuipata. Alichokipata ni baridi, na huruma kidogo, kwa mtu aliyeogopa kosa lake mwenyewe mpaka akalitunza kabatini.

Alimwambia mjane kwamba anataka waandike barua kwa mhariri, leo, na barua hiyo iseme mambo mawili: mgonjwa hakufa, na mwandishi amefariki. Mjane alikubali la kwanza mara moja. La pili alilikataa. Aliweka viganja vyake viwili juu ya kibodi kama anayefunika kitu kisipeperuke.

"Nikiandika hilo, atakuwa amekufa."

"Amekufa, mama. Nilikuwepo makaburini. Nilisimama nyuma, karibu na geti."

Mjane alitazama koti nyuma ya mlango. "Na wewe?" aliuliza.

"Mimi bado."

Ilichukua saa nzima. Bi Sahani hakumharakisha. Alikwenda jikoni, akatengeneza chai, ikatoka mbaya, wakainywa hivyohivyo. Mwishowe mjane alianza kuchapa, kwa vidole kumi, haraka, bila kutazama herufi. Alipofika mahali pa sahihi, mkono uliandika jina la mumewe wenyewe kwa mazoea. Alilifuta herufi moja baada ya nyingine, akaandika lake. Alisema hajawahi kuliona jina lake kwenye kioo kile.

Jarida lilichukua miezi minne. Masahihisho yalichapwa mwishoni mwa toleo, mistari sita, baada ya tangazo la kongamano. Yalisema mgonjwa aliyeelezwa alipona na yu hai, na kwamba mwandishi wa makala alikuwa amefariki kabla haijapokelewa. Mkuu wa idara alimwita Bi Sahani ofisini, akamwomba radhi, uso umemshuka kwa aibu, akamwuliza kwa nini alisimama na watu siku ile badala ya kusema. Bi Sahani alijibu kwamba hakuona vizuri kukaa wakati wote wamesimama.

Makala yenyewe haikuondolewa. Ilibaki mahali pake, ikiwa na alama ndogo pembeni ambayo msomaji mwenye haraka haioni. Mkutubi, aliyekuwa ameanza kuimba tena, aliendelea kuifuatilia. Mwaka ulipofika mwisho, watafiti kumi na mmoja wa nchi mbalimbali walikuwa wameinukuu, na tisa kati yao waliandika kwamba bakteria huyu anaua, kama ilivyothibitishwa na kifo cha fundi mmoja siku ya sita. Mkutubi aliwaandikia wote tisa. Wawili walijibu.

Mjane aliendelea na bahasha zake, lakini sasa kwa njia nyingine. Kila Jumamosi Bi Sahani alikwenda, wakafungua moja, mjane akasoma, na Bi Sahani akalinganisha kila mgonjwa na rejista za maabara. Zilizokuwa sahihi walizituma kwa majina yao wawili pamoja na la marehemu, na karibu na jina lake waliweka neno linalosema hivyo. Zilizokuwa na mashaka walizirudisha kabatini. Mjane alifungua mapazia. Koti lilibaki pale pale nyuma ya mlango.

Halafu ilikuja barua ya mtafiti mmoja kijana, mwanamke wa chuo cha mbali, akiomba kwa heshima atumiwe bakteria waliotoka kwa fundi marehemu. Bi Sahani aliwaotesha, akawafunga kwenye kifurushi kwa taratibu zote, na kwenye fomu, penye nafasi ya kuandika hali ya mgonjwa, akaandika: hai, anawasalimu. Akaweka sahihi yake.

Miezi saba baadaye mkutubi alishuka ngazi na makala mpya. Yule mtafiti alikuwa amefanya kazi nzuri. Alikuwa ameeleza ni sehemu gani ya bakteria inayozuia zile dawa nne, na huenda siku moja ikaokoa watu. Mwishoni, kwenye shukrani, aliwataja walimu wake, wenzake wa maabara, na kisha, kwa jina kamili, *marehemu fundi wa maabara, kwa kututumia sampuli kwa ukarimu.*

Bi Sahani aliipeleka nyumbani. Seremala alikuwa uani anapiga randa mlango wa mteja. Aliupokea ukurasa, akausoma akiuweka mbali na macho, akausoma tena. Aliuliza kama marehemu akishukuriwa anapaswa kuitikia.

"Adabu inataka aitikie," alisema Bi Sahani, na akaingia ndani kutafuta kalamu.